Korosho Isafiriyo na Ganda Lake

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza iliamua kwamba Tanganyika italimwa karanga. Waingereza walikuwa wametoka vitani wakigawiwa mafuta ya kupikia kwa kadi, na mabwana wa London walipiga hesabu wakaona kwamba mamilioni ya ekari za karanga, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, zingemaliza dhiki hiyo. Matrekta yakaletwa, mengi yakiwa mabaki ya jeshi. Vifaru vikavuliwa mizinga vikafanywa vya kung'olea visiki. Kusini reli ikatandikwa kuelekea Nachingwea, na Mtwara, ghuba iliyokuwa imezoea majahazi, ikaanza kujengewa gati la meli kubwa. Mvua haikuheshimu ratiba. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama sakafu. Januari 1951 mradi ulifutwa, ukiwa umekwisha kumeza pauni milioni 36 hivi.

Juu ya uwanda wa Makonde, katika miaka hiyohiyo, watu walikuwa wakipanda kitu kingine bila kuagizwa na yeyote. Mkulima wa Newala au Masasi alichimba kishimo katikati ya muhogo wake, akatia mbegu mbili tatu za korosho, akafukia, akaendelea na palizi. Hakuomba trekta wala hakujaza fomu. Mwaka 1945 korosho za Tanganyika zilikadiriwa kuwa tani 7,000. Msimu wa 1973/74 zilifika tani 145,000, na Tanzania ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani, bega kwa bega na Msumbiji na India. Gati lililojengwa kwa ajili ya karanga likapakia korosho. Reli ilikwisha kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, maana haikupata mzigo wa kuitosha.

Mti wenyewe ni mgeni aliyezoea mapema. Kwao ni kaskazini-mashariki mwa Brazil. Wareno waliuchukua katika karne ya 16 wakauleta Msumbiji na Goa, pamoja na jina lake, caju, ambalo Waswahili walilitia pua likawa kanju. Kamusi za zamani zinao mkanju. Zinao pia mbibo, na bibo, tunda lenye maji mengi linaloning'inia jekundu au la manjano, na dunge, yaani korosho ikiwa bado mbichi na ya kijani. Lugha isingehitaji maneno yote hayo kwa kitu kisicholiwa. Hata Dar es Salaam ina kitongoji kiitwacho Mabibo, ingawa leo anayeshuka pale kituoni huona maduka na hosteli kuliko mikorosho.

Kwa karne nyingi tunda ndilo lililokuwa na maana zaidi. Bibo huliwa papo hapo, hukamuliwa, huchachushwa. Korosho, ambayo kwa namna ya ajabu hukaa nje ya tunda, chini yake kama mkia, ilikuwa na kasoro kubwa: kati ya matabaka ya ganda lake mna mafuta makali yanayobabua ngozi na kuacha vidole vyeusi. Mtoto yeyote wa Kusini aliyewahi kuipasua kwa meno anajua. Ili kukipata kiini cheupe kilicho ndani, lazima korosho ichomwe au ipikwe kwa mvuke kwanza, kisha ibanguliwe moja moja bila kuivunja, kwa sababu iliyovunjika hushuka daraja na bei. Mafuta hayo ya ganda yameathiri historia ya zao hili kuliko jambo jingine lolote lililoandikwa katika ripoti za serikali.

Walioweza kazi hiyo kwa wingi walikuwa wanawake wa Kollam, katika jimbo la Kerala, pwani ya kusini-magharibi ya India. Kuanzia miaka ya 1920 wafanyabiashara wa huko walianza kupeleka korosho zilizobanguliwa Marekani, na soko likakua kuliko mashamba yao. Wakatafuta korosho ghafi ng'ambo ya bahari, mahali ambapo pepo za msimu zilikuwa zimewapeleka wazee wao tangu zamani. Wenye maduka wa Kihindi wa Lindi, Mikindani na Masasi walizinunua kwa vibaba kutoka kwa wakulima, wakazijaza magunia, wakazipakia. Biashara ikachukua sura ambayo haijabadilika sana hadi leo: korosho inaondoka Kusini ikiwa na ganda lake, inabanguliwa ng'ambo, inaliwa ng'ambo zaidi.

Kalenda nayo ilisaidia. India na, baadaye, Afrika Magharibi huvuna kati ya Februari na Juni. Kusini mwa Tanzania mikorosho huangusha kuanzia Septemba na Oktoba hadi Januari, wakati maghala ya Kollam yanakaribia kuwa matupu. Mnunuzi mwenye kiwanda kilichosimama na vibarua wasio na kazi huongeza bei kidogo. Mkulima wa Tandahimba hajui kila mara kwa nini bei ya mnada wa kwanza inapanda na ya mnada wa sita inalegea, lakini anajua kwamba inafanya hivyo.

Kwa mkulima mkorosho ulikuwa na tabia njema. Unakubali mchanga ambao mahindi yanaukataa. Unastahimili kiangazi, jambo kubwa kwa watu wa Newala ambao maji waliyafuata chini ya genge na kuyapandisha kichwani. Baada ya miaka mitatu hadi mitano unaanza kuzaa, na utazaa kwa miongo kadhaa ukipaliliwa na kufyekewa tu. Hapo katikati, kabla matawi hayajafunga kivuli, chini yake panalimwa muhogo, kunde na mtama. Korosho ikawa ndiyo fedha ya bati badala ya nyasi, ya baiskeli, ya jando na unyago, ya ada ya shule. Mwenye shida aliweza kuweka mikorosho yake rehani kwa jirani kwa misimu kadhaa, mti ukabaki wake na mavuno yakawa ya mwingine. Mwenye mikorosho mingi alihesabiwa mtu.

Halafu watu wakaondolewa kwenye miti yao.

Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 Watanzania wote wa mashambani wawe wamehamia vijiji vilivyopangwa. Kusini zoezi lilikuwa limetangulia. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilikuwa vikipiganwa ng'ambo ya Ruvuma, majeshi ya Ureno yakivuka mara kwa mara, na tangu mwisho wa miaka ya 1960 watu wa mpakani walikuwa wakikusanywa pamoja kwa usalama wao. Mwaka 1974 na 1975 Operesheni Vijiji ilimalizia kazi. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja katikati ya mikorosho yake, zilihamishiwa kando ya barabara ambako serikali iliahidi shule, zahanati na maji. Nyumba zilizoachwa zikabomoka. Sehemu hizo zikapata jina ambalo Kiswahili kilikuwa nalo tayari: mahame.

Jina hilo halikutaja miti, na miti haikuhama. Mkulima aliyekuwa akiamka na kuokota korosho mlangoni sasa alitembea kilomita tano, wengine kumi, kuzifikia. Nyasi zikapanda hadi kiunoni. Korosho iliyoanguka kwenye nyasi haionekani, na ikionekana huenda nyani au mpita njia amekwisha kuiona. Kiangazi moto wa kichaka ulipita na kubabua mashina. Kijiji kipya nacho kilidai nguvu kwa ajili ya shamba la pamoja, kujenga nyumba upya, na kulima chakula kwenye ardhi ambayo mara nyingi ilikuwa ya mtu mwingine.

Bei ilisaidia kuharibu. Baada ya uhuru vyama vya ushirika vilipewa ukiritimba wa kununua. Juu yao ikaja bodi ya mazao, na mwaka 1973 ikaundwa Mamlaka ya Korosho, iliyojulikana zaidi kwa kifupi chake, CATA. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vyenyewe vilivunjwa, na mamlaka ikabaki na kijiji ana kwa ana. Kila ngazi ilikuwa na makato yake. Kilichobaki kwa aliyeokota kilizidi kupungua kikilinganishwa na bei ya nje, huku sabuni, nguo na jembe vikipanda au vikikosekana madukani kabisa. Mwaka 1979 mchumi Frank Ellis, akiandika kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichambua anguko hilo na kuonyesha kwamba kuhamishwa kwa watu na bei ndogo ndivyo vilivyoeleza sehemu kubwa ya hasara. Takwimu zilikuwa upande wake. Kutoka tani 145,000 za 1973/74 mavuno yalianguka hadi tani 41,000 hivi msimu wa 1979/80. Katika miaka hiyo sita mvua haikuwa imeikimbia Mtwara.

Sehemu ya kejeli zaidi ya simulizi hii ni ya viwanda. Serikali iliona, na iliona sawa, kwamba ni aibu kuipelekea India kazi ambayo ingefanywa nyumbani. Kiwanda cha kwanza kikubwa kilikuwa kimekwisha kufunguliwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960 kwa mitambo ya Kiitalia. Sasa ikakopwa fedha, ikiwemo ya Benki ya Dunia, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na viwanda 12, vingine vya mitambo ya Kiitalia na vingine ya Kijapani: Likombe pale Mtwara, Newala, Masasi, Lindi, Mtama, Nachingwea, Tunduru, Kibaha na kwingineko. Kwa pamoja vingeweza kubangua tani 113,000 kwa mwaka. Vilipokamilika, nchi nzima haikuwa ikivuna hata nusu ya hizo. Mitambo mingine haikupata kufanya kazi sawasawa hata siku moja, na ile iliyofanya ilivunjavunja korosho ambazo mwanamke wa Kollam, kwa kijiti na jiwe, angezitoa nzima. Mapaa makubwa ya bati yakabaki yanaonekana toka mbali, na baadaye mengine yakakodishwa yawe maghala ya korosho ghafi zinazosubiri meli.

Msumbiji ilikuwa na maumivu yake. Huko vita vya wenyewe kwa wenyewe viliwatenga watu na miti yao kama vile operesheni ilivyofanya upande huu. Amani iliporudi katika miaka ya 1990, Benki ya Dunia iliishinikiza serikali ipunguze kodi ya kuuza korosho ghafi nje. Viwanda vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakarudishwa nyumbani. Kenya nayo ilikuwa na kiwanda chake Kilifi kilichofungwa katika miaka hiyohiyo, kisha mwaka 2009 ikapiga marufuku kusafirisha korosho ghafi. Pwani nzima ya Afrika Mashariki imekuwa ikijaribu funguo mbalimbali kwenye kufuli moja.

Wakati huo kitu kingine kilikuwa kimeingia mikoroshoni. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 wakulima walianza kuona maua na majani machanga yakifunikwa na vumbi jeupe kama unga, kisha yakisinyaa na kuwa meusi bila kufunga korosho. Ugonjwa ukapewa jina linalojieleza lenyewe: ubwiriunga. Ni kuvu, na hupenda maeneo yenye umande na kivuli kizito. Mikorosho iliyoachwa bila kupogolewa, matawi yake yakisukana na ya jirani, iliupa makazi yaliyoandaliwa. Msimu wa 1986/87 Tanzania ilikusanya takriban tani 17,000. Ndicho kiwango cha chini kabisa cha enzi hizi, na kwa mtu wa Newala aliyekuwa na umri wa kukumbuka mwaka 1973, kilikuwa kama kurudi alipozaliwa baba yake.

Kupona kulitokea mahali pasipo na fahari. Kilomita chache kutoka Mtwara mjini, kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kilifanya majaribio ya unga wa salfa, dawa ambayo wakulima wa zabibu wa Ulaya walikuwa wakiitumia dhidi ya ugonjwa wa jamii hiyo tangu karne ya 19. Ilifanya kazi. Mashine za kupulizia zenye injini, zinazobebwa mgongoni, zikaanza kusikika alfajiri, maana salfa hupulizwa kabla jua halijapanda, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande wa kuushika unga. Naliendele pia ilichagua miti mama, ikatoa miche na mbegu bora zinazowahi kuzaa. Watafiti hawakuficha upande wa pili: salfa nyingi mwaka hadi mwaka inauongezea tindikali udongo ambao tayari ni maskini.

Watu nao walikuwa wakirudi. Amri ya vijiji ilikuwa imelegea, na kuanzia miaka ya 1980 wengi walirudi kwenye mahame kimyakimya, wengine kwa msimu wa mavuno tu, wengine moja kwa moja. Waliikuta mikorosho. Mingine ilikuwa imeungua, mingine imemezwa na msitu, lakini mingi ilihitaji panga na jembe tu. Msimu wa 1991/92 serikali iliruhusu wanunuzi binafsi, na ushindani wa miaka ya mwanzo ulipandisha bei kiasi cha kumfanya mkulima anunue salfa. Mwaka 1999/2000 mavuno yalivuka tani 120,000. Robo karne baada ya kuanguka, zao lilikuwa karibu na pale lilipokuwa kabla ya kuanguka, na sehemu kubwa ya miti ilikuwa ileile.

Uhuru wa soko ulikuja na kibaba chake. Kangomba ni jina la chombo cha kupimia, na limekuwa jina la biashara nzima: mtu mwenye fedha taslimu hupita vijijini Julai na Agosti, wakati debe la unga limekwisha na salfa haijalipiwa, ananunua korosho ambazo bado ni maua. Oktoba anakuja kuchukua. Bei huwa nusu, au chini ya nusu. Serikali zote zimempiga vita kangomba, na kila mwaka amekuwepo, kwa sababu njaa ya Julai haisubiri mnada wa Oktoba.

Jibu la serikali lilikuwa stakabadhi ghalani. Sheria yake ni ya 2005, na Mtwara ilianza nayo msimu wa 2007/08. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, ambacho siku hizi kila mtu hukiita AMCOS, zinapimwa, zinapangwa madaraja, zinapelekwa ghala kuu. Wanunuzi huandika bei kwenye barua za zabuni, na siku ya mnada sanduku linafunguliwa mbele ya wakulima, barua zinasomwa moja moja kwa sauti. Wakulima wana haki ya kukataa. Kwa mtu aliyezoea kuuliza bei kwa mfanyabiashara mmoja mwenye mizani yake mwenyewe, hilo lilikuwa badiliko la kweli.

Mwanzoni malipo yalikuja kwa vipande. Kipande cha kwanza kililipwa kwa mkopo wa benki, cha pili baada ya mauzo, na ndicho kilicholeta balaa. Riba, ushuru, usafiri, magunia, unyaufu wa ghalani: makato yalipangwa kwenye karatasi ndefu ambayo wachache waliielewa. Aprili 2013 huko Liwale, mkoani Lindi, wakulima walipoambiwa kwamba malipo ya pili ni sehemu ndogo tu ya walichotarajia, nyumba za viongozi zilichomwa moto. Mfumo ulirekebishwa, mkulima akaanza kulipwa kwa mara moja kupitia benki. Wanaousema vibaya na wanaousifu mfumo huu wote wana mifano ya kutosha, lakini takwimu zilipanda: tani 155,000 mwaka 2015/16, tani 265,000 mwaka uliofuata, tani 313,000 msimu wa 2017/18. Bei kwenye mnada ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Wenye pikipiki mpya walikuwa wengi mno Tandahimba, ikawa utani wa nchi nzima kwamba wakulima wa korosho wanawanywesha mbuzi soda.

Utani haukudumu. Katikati ya 2018 serikali ilibadilisha sheria ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, ambao ulikuwa asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani. Hadi hapo asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kwenye zao lenyewe kwa salfa, miche na utafiti. Sasa fedha zote zingeingia mfuko mkuu. Wabunge wa Kusini, wa chama tawala na wa upinzani, walisimama pamoja kupinga, jambo la nadra Dodoma, na wakashindwa. Wakati huohuo bei ya dunia ilikuwa imeteremka. Oktoba, sanduku la mnada lilipofunguliwa, barua zilisoma kati ya shilingi 1,900 na 2,700. Wakulima wakakataa. Minada ikasimama.

Kilichofuata hakikuwa na mfano. Novemba 2018 Rais John Magufuli aliwaondoa mawaziri wa kilimo na wa viwanda na biashara, akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kwamba Jeshi la Wananchi litazisomba. Malori ya jeshi yaliingia Mtwara siku chache baadaye. Wanajeshi walikagua mashamba kuhakiki kwamba anayedai kuuza tani tano ana mikorosho ya tani tano, na waliobainika kuwa kangomba hawakulipwa. Bei ilikuwa nzuri, na wakulima walioipokea waliishukuru waziwazi. Tatizo lilikuwa upande wa pili wa ghala. Januari 2019 mkataba wa kuuza tani 100,000 ulitiwa saini kwa shangwe na kampuni moja ya Kenya, na baada ya miezi michache ukavunjwa bila korosho kuondoka. Wakulima wengine walisubiri malipo hadi mwaka mpya ukakomaa, na korosho za msimu mmoja zikawa bado ghalani wakati za msimu uliofuata zikichanua. Salfa ya mwaka huo ilinunuliwa kwa mkopo au haikununuliwa. Mavuno ya misimu iliyofuata yalibaki kati ya tani 190,000 na 240,000.

Wakati Tanzania ikishughulika na hayo, dunia ya korosho ilihama. Mwaka 2006 Vietnam iliipita India kwa kuuza korosho zilizobanguliwa, ikitumia mashine zilizobuniwa na mafundi wake wenyewe. Côte d'Ivoire, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 haikuhesabiwa, sasa huvuna zaidi ya tani milioni moja. Cambodia imepanda kwa kasi nyuma ya jirani yake Vietnam. India imebaki mlaji mkubwa kuliko wote, hasa kuelekea sikukuu ya Diwali, ambayo huangukia Oktoba au Novemba, wakati barua za zabuni zinasomwa Newala. Kilo moja ya viini hutokana na kilo nne hadi tano za korosho zenye ganda. Kwa hesabu hiyo, katika kila meli itokayo Mtwara, sehemu kubwa ya uzito uliolipiwa nauli ni ganda.

Baada ya 2021 serikali ilirudi kugawa salfa na viuatilifu kwa ruzuku, ikawasajili wakulima na mikorosho yao, na minada ikahamia kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa, ambako mnunuzi anaweza kuweka bei akiwa Ho Chi Minh City. Msimu wa 2023/24 ulileta tani 310,000 hivi. Wa 2024/25 ulivuka tani 500,000, rekodi ambayo hakuna aliyeishi mwaka 1987 angeiamini, na bei ya minada ya kwanza ilipita tena shilingi 4,000. Barabara ya Mtwara ilijaa malori, na mizozo ya magunia, foleni za ghala na uhaba wa meli ikawa ndiyo habari. Maranje, katika wilaya ya Mtwara, kongani ya viwanda vya kubangua imeanza kujengwa. Lengo linalotajwa ni kubangua zote nyumbani ifikapo 2030. Wenye kumbukumbu wanatazama mapaa ya Likombe na kunyamaza.

Korosho ambazo Watanzania wenyewe wanakula ni chache, na nyingi kati ya hizo hazijapita kiwanda chochote. Kando ya barabara kutoka Masasi hadi Lindi, mwanamke hutoboa karai kuukuu, akaliweka juu ya mafiga, akamwaga korosho ghafi ndani. Mafuta ya ganda huwaka yenyewe, moshi mweusi wenye kuchoma macho ukipanda. Huzimwaga mchangani, huzizima kwa mchanga, kisha hukaa kitako na kijiti, akibangua moja moja, vidole vikiwa vimepakwa majivu. Zilizo nzima zinaingia kwenye pakiti za kuuzia abiria wa mabasi. Zilizovunjika zinakwenda kwenye kashata.

Mabibo hayamo katika hesabu ya tani hizo zote, ingawa kwa uzito yanazipita korosho mara kadhaa. Oktoba hulala chini ya miti kwa maelfu, mekundu na ya manjano, nyuki wakiyazunguka, mbuzi wakichagua. Sehemu ndogo hukamuliwa ikawa uraka, kinywaji cha siku moja mbili ambacho hakivumilii safari, na uraka ukipikwa huwa nipa, ambayo polisi huitafuta na wazee hutumia kufungia mazungumzo. Hakuna mnada wa uraka. Unauzwa kwa kikombe, chini ya mkorosho, na aliyeuokota.